Barua ya wazi kwa wenye kilimo chetu: tupimieni majani ya saladi, mbegu kwa mbegu

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, wakurugenzi wa TARI (utafiti wa kilimo), TOSCI (uthibiti wa mbegu), TPHPA (afya ya mimea na viuatilifu) na TBS (viwango), na wengine wote wenye mihuri mezani, salaam, na poleni na majukumu. Najua mahindi, korosho na pamba ndio vinavyowanyima usingizi, ila leo naomba muda wenu kidogo kwa ajili ya zao ambalo halina bodi, halina mbunge wa kulisemea na wala halitajwi kwenye hotuba ya bajeti, yaani majani ya saladi.

Mimi ni mkulima wa Lushoto. Nilisoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), kilimo cha bustani, nikarudi nyumbani milimani, sasa nalima Great Lakes ile ya kufunga, romeni, Lollo Rossa nyekundu, roketi kidogo, na pembeni mchicha na spinachi maana saladi peke yake hailipi ada ya watoto. Mzigo unashuka Mombo usiku, alfajiri uko Kisutu na kwenye hoteli za Dar. Ombi langu naliweka hapa juu kabisa ili hata mtu akiishia hapa awe amelisoma: kila mbegu ya mboga ya majani inayouzwa nchini, tukianza na zile zinazoliwa mbichi, ipimwe maabara ijulikane ndani ya jani kuna nini na kwa kiasi gani, halafu majibu yawekwe hadharani kwa jina la mbegu, kwa Kiswahili, bure.

Mtasema huyu ametoka wapi na maabara yake. Msimu uliopita mnunuzi mmoja, simtaji na haina haja, aliniuliza kama nina karatasi ya naitreti ya saladi zangu maana wageni wake wameanza kuulizia. Nikaenda duka la pembejeo nikachukua kopo la mbegu nikaligeuza pande zote, kuna asilimia ya uotaji, kuna siku za kukomaa, kuna picha ya saladi inayong'aa utadhani imepakwa mafuta, basi. Nikamuuliza bwana shamba wetu, kijana mzuri tu na mchapakazi, akaniambia kaka hilo swali sijawahi kuulizwa. Nikapiga simu huku na huku, kila ofisi inanielekeza kwa mwenzake, na zote zilikuwa na adabu tele, hilo siwezi kulikataa. Jibu la mbegu gani ina kiasi gani hakuna aliyekuwa nalo. Mnunuzi akachukua mzigo nusu, nusu ikaishia kwa wauza chipsi.

Sasa hii naitreti ni nini mpaka mtu akatae tenga la saladi. Ndio chakula chenyewe cha mmea. Ukimwaga mbolea ya yurea au CAN mmea unaivuta kwenda juu, jua likiwa la kutosha majani yanaigeuza kuwa protini, jua likipungua au mbolea ikizidi inabaki imelala kwenye jani, na hasa kwenye ule mshipa mnene wa katikati na majani ya nje. Yenyewe kama yenyewe haina ubaya mkubwa, kuna hata watafiti walioona inasaidia kushusha presha kidogo, shida inaanza ikigeuka naitraiti, kwa mtoto mchanga inaweza kuzuia damu kubeba oksijeni vizuri na kwa watu wazima kuna hofu ya kemikali zinazohusishwa na saratani. Kwa hiyo siandiki hapa kuwatisha watu waache saladi, watu tayari wanakula majani machache mno, naandika kwa sababu kitu chenye faida na madhara kwa pamoja ndicho hasa kinachotakiwa kupimwa.

Wataalamu wa kimataifa wameweka kiwango cha miligramu 3.7 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, ina maana mtu wa kilo 60 mgao wake ni miligramu 222. Fanyeni hesabu wenyewe. Saladi yenye miligramu 3000 kwa kilo, gramu 75 tu zimemaliza mgao wa siku nzima, na hiyo ni sahani ya kawaida hotelini. Saladi yenye 1000 mtu anakula zaidi ya gramu 200 na bado yuko sawa. Na usidhani hizo namba mbili ziko mbali sana, zinaweza kutoka kwenye mashamba mawili yanayotazamana, moja limekuziwa yurea wiki ya mavuno na lingine halikuguswa.

Ulaya kwenye sheria yao ya mwaka 2011 walisema saladi ya shamba la wazi ikivunwa kati ya Aprili na Septemba isizidi miligramu 3000 kwa kilo, ile ya kitalu nyumba wakati wa baridi wakairuhusu ifike 5000 maana jua lao la Desemba mnalijua wenyewe mnaosafiri, aisibagi, yaani ile ya kufunga, ya shamba la wazi wakaibana kwenye 2000, na roketi, ambayo inavuta naitreti hakuna mfano, wakaipa 6000 kiangazi na 7000 baridi. Hebu itazameni sheria hiyo vizuri. Haikusema majani ni majani. Imetenganisha aina, imetenganisha msimu, imetenganisha ndani na nje ya kitalu. Wenzetu walifika hapo kwa sababu walikuwa na vipimo vingi mkononi, hawakukaa hotelini wakakisia.

Na hapa ndipo ninapoumia mimi. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua tunalo mwaka mzima, na jua ndilo linaloshusha naitreti kwenye jani. Kwa mantiki hiyo saladi ya Usambara, ya Mgeta au ya Arusha ikilimwa kwa akili ina nafasi ya kuwa bora kuliko ile ya kitalu cha Ulaya ya Januari, na hilo ni tangazo la biashara ambalo tungelitembeza mpaka Zanzibar kwa watalii na mpaka Uarabuni. Lakini utalitangazaje bila namba? Nikisema yangu ni safi mnunuzi anasema na jirani yako naye anasema hivyo hivyo. Tena inawezekana kabisa hiyo faida ya jua tunaiua wenyewe kwa kumwaga yurea mpaka siku chache kabla ya kuvuna ili jani linenepe lipate kilo, kila mkulima anayesoma hapa anajua tunavyofanya, na hakuna aliyewahi kuja na karatasi kutuambia mbegu hii haivumilii hicho kitendo na ile ina nafuu.

Mtu mmoja wa mjini aliniambia mbona mchicha tunakula miaka yote na hatufi. Sawa, ila mchicha unaenda jikoni. Unachemshwa, wengine wanamwaga yale maji, na sehemu ya naitreti na ya oksaleti, ile kemikali ya majani inayochangia mawe ya figo, inaondoka nayo. Saladi haiendi jikoni. Inaoshwa, inakatwa, ndimu, chumvi, imekwisha, chochote kilichokuwa kwenye jani kimeingia tumboni kama kilivyo, kizuri na kibaya. Ndio maana nasema mkianza kupima anzeni na vya kuliwa vibichi.

Tuje kwenye uchungu, maana huu ndio unanitia hasara kila mwaka joto likianza. Saladi ikianza kutoa shina la maua, ukilivunja lile shina utomvu mweupe unatoka hapo hapo, unakauka kidoleni unakuwa wa kahawia na unanata, ukiugusisha ulimi ni kwinini tupu. Huo uchungu una wenyewe, ni laktusini na mwenzake laktukopikrini, na zinapimika vizuri tu kwa kromatografia, njia ya maabara ya kutenganisha kemikali moja moja. Kiasi chake kinatofautiana mbegu kwa mbegu, na joto linaupandisha. Sasa mteja wa Dar akionja saladi chungu hajui habari ya laktusini, anasema mkulima kapulizia sumu! Nimeshaitwa mwuaji kwenye simu na mama mmoja mwenye mgahawa, shikamoo mama kama unasoma hii, sikupulizia kitu. Tungekuwa na orodha inayosema mbegu hii ikilimwa Kibaha mwezi wa pili uchungu wake unafika hapa, na hii inabaki chini, mkulima wa Pwani angechagua na mimi wa mlimani ningechagua yangu. Kwa sasa tunachagua kwa picha ya kopo.

Halafu lishe. Hapa ndipo mnaposhika sana kipaza sauti, lishe lishe, udumavu udumavu, haya basi. Kwenye majedwali ya Marekani gramu 100 za romeni zina betakarotini, ile ambayo mwili unaigeuza vitamini A, mikrogramu 5226, aisibagi 299. Ni zaidi ya mara 17! Foleti, ambayo ndio tunaihimiza kwa wajawazito, romeni 136 na aisibagi 29. Na sokoni kwetu zote ni saladi, zinapangwa meza moja, bei haziachani sana, tena ile ya kufunga ndiyo inakimbiliwa kwa sababu inakaa muda bila kunyauka na inakatika vizuri kwenye baga. Ukimwambia mama lishe kwamba jani la kijani iliyokolea linamlipa zaidi tumboni anakuuliza nani kasema, unamwambia Wamarekani, anacheka.

Na ana haki ya kucheka. Jedwali letu la thamani ya vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, kazi ya Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard, ni kazi nzuri na nimeitumia chuoni, lakini namba nyingi mle ziliazimwa kwenye majedwali ya nje. Wakenya wametoa la kwao jipya mwaka 2018. Na kwa kawaida majedwali ya namna hii yanataja chakula, hayataji mbegu, wakati tofauti kubwa iko kwenye mbegu. Mfano mmoja mdogo wa hatari ya kuazima: spinachi tunayoiuza huku kwa wingi, ile ya kopo lililoandikwa Fordhook Giant, siyo mmea ule ule ambao Mmarekani anauita spinachi kwenye jedwali lake, hii yetu ni ndugu wa bitiruti. Daktari wa lishe akimpangia mgonjwa wa mawe ya figo kwa kutumia namba za kuazima anampangia mmea ambao hajala. Na mawe ya figo na oksaleti mnajua wanavyopatana.

Msiniambie kwamba nchi hii haiwezi. Mwaka 2011 hapo Tengeru, Arusha, zilitoka mbegu za mchicha Madiira 1 na Madiira 2, na mnavu wa Nduruma na Olevolosi, ikiwa ni kazi ya watafiti wetu pamoja na kituo cha kimataifa cha mboga, na mpaka leo wakulima wanazitafuta. Kwa hiyo kuchagua, kulinganisha na kusajili mbegu tunajua. TOSCI wanapopokea mbegu mpya wanaangalia kama ni tofauti na zilizopo, kama mimea yake inafanana yenyewe kwa yenyewe, kama haibadiliki kizazi kwa kizazi, halafu wanaijaribu shambani sehemu tofauti waone inavyozaa. Majaribio hayo yapo tayari, mashamba yapo, mimea imeshaota. Ninachoomba ni kwamba siku ya kuvuna mtu akate vichwa kadhaa kutoka kila kipande avipeleke maabara. Mashine za kromatografia zipo nchini, vyuo vina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada usiku na mchana, hamhitaji kujenga jengo jipya wala kuzindua mradi wenye fulana.

Ila mkikubali, tafadhali msiifanye kienyeji. Jani la saladi likikatwa bado lina uhai, linapumua, linajila lenyewe. Ukilitupia kwenye kiroba ukalifunga nyuma ya bodaboda likapigwa jua mpaka mjini, vitamini C imeshakimbia nyingi, na hapo unapima safari ya bodaboda, hupimi mbegu. Linatakiwa barafu hapo hapo shambani, ligandishwe haraka, likaushwe kwa ubaridi, lisagwe, lihifadhiwe gizani. Na muandike saa ya kuvuna, kwa sababu jani la jioni lililoshinda na jua huwa na naitreti pungufu kuliko la alfajiri, muandike mbolea ya kukuzia ilimwagwa lini, muandike mwinuko. Mbegu ile ile ya Lollo Rossa huku kwetu kwenye baridi inaiva wekundu mpaka inakaribia weusi, ukiipeleka joto la chini inabaki na wekundu wa haya, na ule wekundu ndio anthosayanini yenyewe mnayoitafuta. Kwa hiyo kipimo cha kituo kimoja hakitatusaidia, pimeni Lushoto, pimeni Tengeru, pimeni Dar, waombeni na wenzetu wa Kizimbani kule Unguja.

Na ombi ndani ya ombi, hasa kwa wasimamizi wa vyuo. Kile kipimo cha jumla ya fenoli, kundi la kemikali za mmea zinazosifiwa kwa afya, kile cha kuchanganya dawa rangi ikageuka bluu mkasoma namba, kinapendwa sana kwenye tasnifu kwa sababu ni cha bei rahisi na kinaisha mapema. Kinapokea hata vitamini C kikaihesabu kama fenoli. Msiishie hapo mkaandika mbegu hii ina nguvu ya kupambana na magonjwa. Tenganisheni, asidi ya klorojeniki kiasi gani, asidi ya chikoriki kiasi gani, kwesetini kiasi gani, na kwenye roketi glukosinoleti zinazoleta ule ukali wa puani. La sivyo kesho tu tutaona poda ya majani mekundu inauzwa mitandaoni, inatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, picha ya daktari aliyevaa koti jeupe pembeni, na namba imetoka kwenye utafiti wenu. TBS mtabaki mnakimbizana nao.

Kwenye metali nzito sitaki kusema mengi maana yalishasemwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha tangu mwaka 1999 vipimo vya mboga za kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Robo karne imepita na pale bondeni watu bado wanamwagilia, na sio kwamba ni wakaidi, shamba lingine mjini watalipata wapi. Kufukuza hakujawahi kuwaondoa. Lakini mbegu zinatofautiana katika kuvuta kadimiamu, moja ya metali hizo, na saladi ni kati ya zile zinazoipandisha kwenye jani kwa bidii sana, kwa hiyo angalau mwambieni yule mkulima wa bondeni asilime saladi pale, alime mboga gani badala yake na mbegu ipi inavuta kidogo. Hilo haliwezi kujibiwa kwa operesheni ya mgambo, linajibiwa maabara.

Pesa zitatoka wapi, sijui vifungu vyenu, ila waagizaji wa mbegu wanalipa ada za kusajili na wanauza makopo madogo ya gramu chache kwa bei ambayo sisi tunaijua mifukoni. Kampuni inayotaka mbegu yake ya saladi iingie kwenye orodha ya taifa ichangie gharama ya kupimwa, na kipimo kifanywe na ninyi, sio karatasi wanayokuja nayo kutoka kwao. Zile mbegu za zamani zisizo na mwenyewe, kama Great Lakes ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1940, serikali izibebe. Na mboga zetu za asili zibebwe pia, mnavu, mgagani, mchicha pori, majani ya kunde machanga ambayo kuna watu wameanza kuyachanganya kwenye saladi za hotelini, hizo hakuna kampuni itakayozigharamia na hakuna jedwali la nje la kuazima.

TPHPA mnapokuja kuangalia mabaki ya viuatilifu kwenye majani, mkishakuwa na sampuli mkononi ipimeni na naitreti hapo hapo, mzigo ni ule ule na gari ni lile lile. TARI muweke majibu kwenye kikaratasi kimoja cha bwana shamba, mbegu kushoto, mwinuko, naitreti, uchungu, betakarotini, oksaleti, kadimiamu, bila rangi za bendera na bila picha ya mheshimiwa yeyote, tutakibandika ukutani dukani.

Mimi niko tayari kutoa matuta ya majaribio huku Lushoto, mbegu zenu nitazipanda kama mtakavyoelekeza, mbolea nitaacha siku mtakayosema niache, na maji yapo mwaka mzima. Masika ya mlimani yanaanza Machi, kwa hiyo mkitaka mavuno ya kiangazi kitalu kisizidi mwezi wa tano mwishoni. Njooni na kisanduku chenu cha barafu, huku mashine ya barafu ya kukodi hakuna na umeme wetu msiutegemee sana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa saladi, Lushoto